Kabureta Mbili Si Kasi Maradufu



Jumapili iliyopita safu hii ilizungumzia breki na namna ya kuzitunza. Leo tunageukia upande wa pili, yaani kile kinacholisukuma gari, na sababu ni swali tulilopokea kutoka kwa vijana wa gereji moja ya jijini. Wameyaona katika filamu yale magari ya Kimarekani ya zamani, marefu na mapana, yanayonguruma kama simba, ambayo boneti ikifunguliwa huonekana yamepandikwa kabureta mbili, na mengine tatu. Wanauliza: je, ni kweli kwamba gari lenye kabureta mbili hulishinda lenye moja? Na kama ni kweli, mbona mafundi wazee husema kinyume chake?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, kwani ndani yake mna swali jingine linalomhusu kila mfanyakazi mwenye mshahara wa kadiri. Mtu akitaka chombo chake kifanye kazi vizuri zaidi, je, atumie fedha kununua kifaa kikubwa zaidi, au atumie akili kukirekebisha alicho nacho? Katika miaka ya 1960 maelfu ya vijana wafanyakazi wa Marekani walilijibu swali hilo kwa fedha za mifuko yao, na baadhi yao, kwa masikitiko, walilijibu kwa maisha yao. Tuwafuate tuone walijifunza nini.

MAGARI YA MISULI

Wamarekani wenyewe huyaita "magari ya misuli". Hayakuwa magari ya mashindano yaliyoundwa katika karakana za siri. Yalikuwa magari ya kawaida ya ukubwa wa wastani, yenye kiti cha nyuma cha kuketi watoto, ila kiwanda kiliyatia injini iliyokusudiwa magari makubwa zaidi. Linalotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa ukoo huo ni Pontiac GTO ya mwaka 1964.

Kampuni ya General Motors, iliyokuwa ikiimiliki Pontiac, ilikuwa na kanuni kwamba gari la ukubwa huo lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4. Wahandisi wa Pontiac, ambao mkuu wao alikuwa John DeLorean, waliikwepa kanuni hiyo kwa ujanja: waliiuza injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, kama nyongeza ya hiari tu juu ya gari la Tempest LeMans. Mnunuzi aliongeza dola 295 hivi, akaondoka na gari jipya kabisa kwa tabia. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 32,000.

Mnunuzi huyo aliruhusiwa kuchagua pumzi ya injini yake. Akichukua kabureta moja ya makoo manne, kiwanda kilimwandikia nguvu farasi 325. Akichukua kabureta tatu zenye makoo mawili mawili, aliandikiwa 348. Injini ile ile, gari lile lile, tofauti ni kabureta. Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi waliamini tangu siku hiyo kwamba kabureta zikizidi, kasi nayo huzidi. Lakini tusiishie kwenye tangazo la kiwanda. Usione vyaelea, vimeundwa.

PUMZI YA INJINI

Injini haiendeshwi na petroli peke yake. Huendeshwa na petroli iliyochanganyika na hewa, na hewa ndiyo nyingi. Ili petroli iungue yote, kila kilo moja huhitaji hewa ya kilo 14.7 hivi. Fundi anayetafuta nguvu kubwa kabisa huongeza petroli kidogo, mpaka kilo moja iwe kwa kilo 12.5 au 13 za hewa. Akipita hapo, petroli hupotea bure, plagi huingia masizi na nguvu hushuka. Petroli ikipungua mno, joto huzidi ndani ya silinda na pistoni yaweza kutoboka.

Kuupima mchanganyiko huo ndiyo kazi ya kabureta. Pistoni ishukapo huvuta hewa, na hewa hiyo hupita katika koo lililobanwa katikati. Ipitapo mahali hapo pembamba huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka msukumo wake hupungua. Sheria hiyo ya maumbile ilielezwa na mwanasayansi wa Kitaliano, Giovanni Battista Venturi, mwishoni mwa karne ya 18. Pale penye msukumo mdogo pana kijitundu, na petroli hufyonzwa kutoka katika kibakuli cha pembeni kama mtoto afyonzavyo soda kwa mrija. Hupita katika vitobo vidogo vya shaba viitwavyo jeti, ambavyo ndivyo vipimo vyake, kisha hutoka hewani kama ukungu. Kibakuli nacho kina boya, ambalo hupanda na kushuka likifunga na kufungua njia ya petroli, sawasawa na boya la tangi la maji nyumbani.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Nguvu ya kufyonza hutokana na mwendo wa hewa. Ukibana kwa kidole mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani, maji huruka mbali. Ukiuachia, humwagika miguuni pako. Vivyo hivyo koo likiwa pana kupita kiasi hewa hupita polepole, ufyonzaji hulegea, petroli huja kwa matone makubwa yasiyoungua vizuri, na injini huzubaa. Koo likiwa jembamba kupita kiasi, gari huondoka kwa utulivu, lakini injini ikizunguka kwa kasi hukosa hewa kama mtu anayepanda mlima akiwa na mafua. Kila chombo na kipimo chake.

HESABU YA HEWA

Kipimo hicho si siri wala uchawi. Kila kijana aliyesoma hesabu za shule anaweza kukipata. Injini ya mipigo minne huzijaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Chukua injini ya lita 7 inayozunguka mara 5,500 kwa dakika. Zidisha 7 kwa 5,500, gawanya kwa 2, utapata lita 19,250 za hewa kwa dakika. Hiyo ni endapo silinda zitajaa pomoni. Injini ya kawaida hujaa kama asilimia 85 tu, kwa hiyo hewa halisi ni lita 16,400 hivi.

Sasa linganisha. Mwaka 1968 kampuni ya Ford ilitoa injini ya ukubwa huo huo, ikaitia kabureta moja ya Holley yenye uwezo wa kupitisha futi za ujazo 735 kwa dakika, ambazo ni lita 20,800 hivi. Ilitosha, na akiba ikabaki. Ukimwongezea injini huyo kabureta ya pili ya namna hiyo, njia ya hewa itakuwa ya lita 41,600, lakini injini itaendelea kuvuta zile zile inazoweza. Umepanua mlango, wageni hawakuongezeka. Kibaya zaidi, hewa sasa imegawanyika katika makoo manane badala ya manne, mwendo wake umepungua, na ufyonzaji umelegea.

KUTOKA TATU KURUDI MOJA

Tuirudie Pontiac yetu, tuone ilikoishia. Katika mpango ule wa kabureta tatu, ya katikati ndiyo iliyofanya kazi siku zote. Mbili za pembeni zilifunguka pale tu dereva alipokandamiza mafuta kwa nguvu. Ulikuwa mpango wa akili, kwani mtu aliyekwenda kazini alitumia moja, na aliyeshindana alitumia zote. Shida yake ilikuwa kuzipatanisha. Kabureta tatu ni kama wapagazi watatu waliobeba jahazi moja: mmoja akitangulia, mwingine akichelewa, mzigo hupinda. Mafundi walitumia saa nyingi kuzilinganisha, na wasiojua waliziacha zikichafua plagi.

Mwaka 1966 GTO yenye kabureta tatu iliandikiwa nguvu farasi 360. Ilipofika mifano ya mwaka 1967, wakuu wa General Motors waliikataza Pontiac kutumia kabureta nyingi. Wapenzi wa GTO walisikitika, wakadhani siku za gari lao zimekwisha. Pontiac ikapanua injini kidogo, kutoka inchi 389 hadi 400, ikaitia kabureta moja iitwayo Rochester Quadrajet. Toleo la nguvu liliandikiwa farasi wangapi? Ni 360, wale wale.

Quadrajet ina makoo manne, lakini hayalingani. Mawili ya mbele ni madogo, nayo hutosha kwa mwendo wa kawaida. Hewa huenda mbio humo na petroli haipotei. Mawili ya nyuma ni makubwa sana, nayo hubaki yamefungwa mpaka injini iyahitaji. Kwa hiyo aliyeibuni hakulazimika kuchagua kati ya koo jembamba na koo pana. Aliyaweka yote katika chombo kimoja, kila moja likingoja zamu yake. Kabureta hiyo iliendelea kutumika katika magari ya General Motors mpaka miaka ya 1980.

FUNZO LA COBRA JET

Kisa cha Ford nacho kinafaa kusimuliwa. Mnamo mwaka 1967 magari ya Mustang yalikuwa yakiaibishwa na yale ya General Motors. Wakala mmoja wa kuuza magari ya Ford katika jimbo la Rhode Island, Bob Tasca, aliona wateja wakimkimbia. Mafundi wake hawakungoja kiwanda. Walikusanya vipande vilivyokuwa tayari katika maghala ya Ford, wakaunda Mustang yenye injini ya inchi 428, yaani lita 7. Jarida la Hot Rod likatangaza habari zake na kuwahimiza wasomaji wamwandikie mkuu wa kampuni, Henry Ford II. Barua zikamiminika, na kiwanda kikakubali.

Injini hiyo, iliyoitwa Cobra Jet, ndiyo ile tuliyoipigia hesabu hapo juu, yenye kabureta moja tu. Februari 1968 Ford ilipeleka magari hayo kwenye mashindano makubwa ya majira ya baridi huko Pomona, California. Dereva Al Joniec akatwaa ushindi wa daraja la Super Stock. Gari la namna hiyo lililojaribiwa na Hot Rod mwaka huo huo lilimaliza robo maili kwa sekunde 13.56, likipita mstari wa mwisho kwa mwendo wa kilomita 171 hivi kwa saa. Kumbuka kwamba lilikuwa gari lenye viti na nafasi ya kuwekea mizigo.

MITA 18 ZA KWANZA

Pengine utauliza, robo maili ni nini hasa? Ni njia iliyonyooka ya mita 402. Magari mawili husimama bega kwa bega, taa zilizopangwa juu ya mlingoti huwaka moja baada ya nyingine, na ya kijani ikiwaka kila mmoja huondoka. Taa hizo zilianza kutumika mwaka 1963, nazo ziliitwa "mti wa Krismasi". Hakuna kona wala kuzunguka. Anayefika kwanza ndiye mshindi, anayeshindwa hurudi nyumbani.

Wasiojua hudhani ushindi hupatikana mwishoni, pale magari yanapovuma. La hasha. Aghalabu hupatikana katika mita 18 za kwanza. Sehemu ya kumi ya sekunde iliyookolewa hapo huongezeka kadiri gari linavyosonga, ikawa kubwa zaidi kwenye mstari wa mwisho. Na mita hizo 18 ndizo zinazoifichua kabureta isiyofaa.

Fikiri: gari la zaidi ya tani moja na nusu limesimama. Ghafla dereva anakanyaga mafuta mpaka chini. Vilango vya makoo hufunguka kufumba na kufumbua, na hewa, kwa kuwa ni nyepesi, huingia mara moja. Petroli ni nzito, huchelewa. Kwa nukta hiyo injini hupata hewa tupu, hukohoa, na gari huinama pua. Ndiyo maana kabureta ina pampu ndogo ambayo hurusha petroli mara tu mguu ukandamizapo. Koo likiwa pana mno, pampu hiyo haiwezi kulijazia pengo. Fundi mwenye subira hubadilisha kijitundu cha pampu, hujaribu, hutazama saa, hubadilisha tena.

Kisha kuna petroli iliyomo kibakulini. Gari likiruka mbele, petroli husukumwa nyuma, kama maji ya ndoo ndani ya gari linaloondoka kwa kishindo. Katika Holley ya makoo manne kibakuli cha mbele hakiathiriki, maana jeti zake ziko upande wa nyuma, kule petroli inakokimbilia. Lakini kibakuli cha nyuma kina jeti upande wa mbele, na petroli ikizikimbia injini hukosa chakula wakati ule ule inapokihitaji. Dawa yake ni vijibomba vidogo vinavyorefusha jeti mpaka vifike kwenye petroli. Ni kifaa cha bei ndogo, nacho kimeshinda mashindano mengi kuliko kabureta ya pili.

Hata hewa yenyewe haina tabia moja. Katika uwanja wa Bandimere, karibu na jiji la Denver, ambao ulifungwa mwaka 2023, magari yalishindana kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo fundi aliyetoka pwani ya California alilazimika kutia jeti ndogo zaidi, la sivyo petroli ingezidi. Siku za joto wengine walipitisha bomba la petroli ndani ya kopo lenye barafu ili petroli ifike ikiwa baridi.

Na baada ya yote hayo, nguvu yote hupita kwenye tairi mbili za nyuma. Zikiteleza, farasi wote wale hugeuka moshi wa mpira. Kijana aliyetumia mshahara wa miezi kununulia kabureta kubwa, akasahau tairi na difu, alijikuta akitazama taa za nyuma za jirani yake mwenye gari dogo.

MAMA ALIYESHINDA

Katika habari hizi wanawake nao wana sehemu yao, tena ya heshima. Mwaka 1966, huko huko Pomona, Shirley Shahan alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kitaifa ya chama cha mbio hizo cha Marekani, NHRA, akiendesha Plymouth yenye injini ya Hemi. Mumewe, H. L. Shahan, ndiye aliyeishughulikia injini. Mkewe ndiye aliyeishika gia na kuitazama taa. Waliotegemea misuli ya mikono walipata somo. Mbio za robo maili hazimtaki mwenye nguvu. Zinamtaka mwenye utulivu, anayeondoka kwa wakati na kubadili gia pasipo kukosea.

MAHALI PALIPOFAA MBILI

Tusije tukaonekana tunaidhulumu kabureta ya pili. Iko mahali pake. Injini ya Hemi ya Chrysler, ya lita 7, ilipoanza kuuzwa kwa magari ya barabarani mwaka 1966 ilikuwa na kabureta mbili za Carter zenye makoo manne manne, nayo iliandikiwa nguvu farasi 425. Mwaka 1968 Chrysler iliunda magari machache ya Dodge Dart na Plymouth Barracuda kwa ajili ya mashindano tu, yakiwa na kabureta mbili za Holley. Magari hayo yalitisha, na yanatisha hata leo yanapoletwa uwanjani.

Kwa nini huku mbili zilifaa? Kwa sababu Hemi ilikuwa na vichwa vyenye vali kubwa na njia pana, iliweza kuzunguka kwa kasi sana, na injini za mashindano hazikutakiwa kwenda polepole hata mara moja. Pafu lilikuwa kubwa, ndipo likapewa pua mbili. Aliyezihamishia kabureta hizo kwenye injini ya kawaida ya kwendea sokoni alipata ulaji wa petroli wa Hemi bila mwendo wake. Mshika mbili, moja humponyoka.

NGUVU ZA KARATASI

Hapa yafaa kutahadhari na tarakimu za wenye viwanda. Cobra Jet iliandikiwa nguvu farasi 335 tu, idadi ambayo kila aliyeliendesha gari lile alijua ni ndogo kuliko ukweli. Kampuni zilikuwa na sababu mbili za kuficha. Kwanza, mashirika ya bima yalikuwa yakipandisha malipo kwa vijana wenye magari ya nguvu. Pili, madaraja ya mashindano yalipangwa kwa kugawanya uzito wa gari kwa nguvu iliyotangazwa. Aliyetangaza kidogo aliwekwa na wanyonge. NHRA ilibidi iyakadirie upya magari mengi kwa hesabu zake yenyewe.

Aliyeumia ni nani? Ni kijana mnunuzi, aliyekabidhiwa chombo chenye nguvu kuliko ilivyoandikwa, huku wengi wakiwa na breki za kawaida na tairi nyembamba za wakati huo. Ushindani wa makampuni haukumjali.

BARABARA SI UWANJA

Na sasa lile lililo zito kuliko yote. Kabla ya kuwapo viwanja, vijana hao walishindana barabarani usiku, taa hadi taa. Hata baada ya viwanja kujengwa, barabara ya Woodward katika jiji la Detroit ilijulikana kwa mashindano ya namna hiyo, mbele ya maduka na nyumba za watu. Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa Hot Rod, aliianzisha NHRA mwaka 1951 kwa nia hasa ya kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka mahali penye kanuni, ukaguzi wa magari na gari la wagonjwa. Huko Santa Ana, California, uwanja wa ndege ulikuwa umekwisha kuanza kutumiwa kwa mbio hizo mwaka 1950.

Hata uwanjani kifo hakikukoma. Mwaka 2008 dereva mashuhuri Scott Kalitta alifariki katika mashindano huko Englishtown, New Jersey. Baada ya hapo NHRA ilifupisha njia ya magari ya kasi kuu kabisa, kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000, yaani mita 305. Ikiwa wataalamu wenye mavazi ya kuzuia moto na miavuli ya kusimamishia gari waliona njia ni ndefu mno, wewe unayejaribu mwendo kwenye barabara wanakovuka watoto wa shule unategemea nini?

MWISHO WA ENZI

Enzi ya magari hayo haikudumu. Sheria ya hewa safi ya Marekani ilitiwa sahihi Desemba 1970. Hemi ilitolewa mara ya mwisho katika magari ya mwaka 1971. Mwaka 1972 viwanda vilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, na tarakimu zikaporomoka. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipoizuia Marekani mafuta, gari lenye kabureta mbili likageuka mzigo kwa mwenyewe. Baadaye nozeli zinazoongozwa na kompyuta zilichukua nafasi ya kabureta, na hata daraja la Pro Stock la NHRA, lililokuwa limetumia kabureta mbili kwa miongo mingi, liliziacha mwaka 2016.

Lakini kompyuta hiyo inafanya nini? Inapima hewa, kisha inatoa petroli inayolingana nayo. Ni kazi ile ile ya jeti na boya. Kanuni haijabadilika.

JIBU LETU

Kwa hiyo, vijana wetu wa gereji, jibu ndilo hili: kabureta mbili hushinda pale tu injini inapoweza kuzitumia, pengine pote, moja iliyopimwa vizuri huzishinda mbili zisizopimwa. Na kwa kuwa pikipiki nyingi na jenereta nyingi za nyumbani zingali zinatumia kabureta, somo hili si la Marekani peke yake.

Usiitoboe jeti kwa msumari ili "iongeze nguvu". Utaongeza matumizi ya petroli tu. Safisha kwanza chujio la hewa. Ifungue plagi uisome: rangi ya kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, nyeupe ni petroli chache. Hakikisha hakuna hewa inayopenya kwenye gasketi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukiandike katika daftari, ndipo ugeukie kingine. Hivyo ndivyo walivyofanya washindi wa Pomona. Usifanye kazi hiyo karibu na jiko wala sigara, kwani mvuke wa petroli hauonekani na hausamehe.

Fedha utakazookoa zipeleke kwenye tairi na breki. Hizo ndizo zitakazokurudisha kwa watoto wako jioni.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia betri na sababu za kufa kabla ya wakati wake. Kwaheri ya kuonana.